Kitabu Alichopewa Dalmas

Yule msichana hakuwa na nia mbaya, na hilo ndilo lililouma zaidi. Alimjia Waithira na tabasamu la kufika masikioni, akasimama kwa adabu, akamwomba amtilie sahihi kitabuni.

Ilikuwa Jumamosi mchana mjini Thika, kwenye mashindano ya masomo, siku ambayo shule kadhaa za upili hukusanya watahiniwa wao wa Kidato cha Nne na kualika walimu wenye majina waje kuwapiga msasa. Waithira alikuwa na jina. Alifundisha baiolojia katika shule moja ya Ruiru, na mwanzoni mwa mwaka kitabu chake cha mazoezi ya maabara kilikuwa kimetoka. Alikiandika jioni baada ya jioni, na kila mchoro uliokuwamo aliuchora kwa mkono wake mwenyewe: ua la hibiskasi lililopasuliwa katikati, taya la sungura, mzizi wa maharagwe.

Basi akatoa kalamu kwa furaha. Halafu akakitazama kitabu vizuri. Kilikuwa fotokopi tupu, kimebanwa kwa waya wa plastiki ubavuni, na hibiskasi yake ya jalada imegeuka doa la kijivu. Hasira ikaanza kumpanda, ila ilikuwa hasira ya kawaida, ile ambayo mwandishi wa vitabu vya shule huizoea kama mafua. Akafunua atafute mahali pa kutia sahihi. Hapo ndipo moyo ulipompasuka paa.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mwandiko wake. "Kwa Dalmas. Wengine watasoma kitabu. Wewe soma mkono wangu. Waithira."

Maneno hayo aliyaandika kwa wino wa kijani kwenye nakala ya kwanza kabisa aliyotumiwa na mchapishaji, akampa Dalmas Okello kabla hata mama yake mzazi hajaiona. Sasa kijani ilikuwa imekuwa nyeusi, na msichana wa watu alikuwa amebana midomo kuzuia kicheko.

"Sisi wote tuko na hiyo page, Mwalimu," akasema. "Hata wale wa ile shule ingine."

Waithira alimuuliza kwa upole alikokinunua. Akaambiwa ni kwa Nzioki, ile saiba ya nyuma ya stendi, duka la kompyuta na fotokopi, wanatoa kopi siku hiyo hiyo. Akatia sahihi, maana angefanya nini? Alipomrudishia msichana kitabu chake, hakukumbuka tena jambo hata moja kati ya yale aliyokuwa amejiandaa kuwaambia watahiniwa.

Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo alikuwa akiwafundishia wanafunzi mambo ya kupe na chawa, na darasa hucheka. Siku hiyo haikuchekesha.

Mama yake, Beth, aliuza mitumba kule Gitothua miaka mingi kabla binti yake hajapata mshahara wa kumhamishia Membley, kwenye nyumba yenye geti na mlinzi wa kusalimia. Soko lilikuwa limemfundisha kumtazama mtu mikono anapoongea. Hakuwahi kumtukana Dalmas. Alimkaribisha chai, akamuuliza habari za kwao Siaya, akamsindikiza hadi getini. Ila kila kijana alipoondoka, Beth alikuwa akisema huyu anajua kuongea, na alivyolitamka hilo neno ungedhani ni ugonjwa wa kuambukiza.

Jioni hiyo walikuwa wakimenya viazi. Waithira akamweleza yote, hadi kicheko cha yule msichana. Beth hakushtuka wala hakusema "nilikuambia". Aliuliza swali moja tu, macho yakiwa kwenye kisu.

"Huyo kijana alikupenda kabla ya kitabu ama baada?"

"Mami, please."

"Nauliza tu. Jumamosi ijayo wazee wake wanakuja kujua boma, waanze mambo ya posa. Nimeshaita wajomba zako. Sasa nataka kujua ninapikia watu wanaokuja kutafuta nini."

Swali likamfuata Waithira hadi kanisani kesho yake, likakaa naye kwenye kiti, likaimba naye nyimbo zote. Walikutana na Dalmas wakisahihisha mitihani ya majaribio pale Thika, kitabu kikiwa nusu. Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya chini, mwalimu wa baiolojia kule Gatuanyaga, kwenye shule ya kutwa ambayo maabara yake ilikuwa chumba na ndoo. Siku ya kwanza tu alimuuliza anaandika nini. Kisha akaomba asome. Alisoma kila sura, akajaribu kila zoezi na wanafunzi wake, akampigia kumwambia hili limekubali, hili limewashinda. Waithira alikuwa ameyaita hayo mapenzi, na kwa kweli hakuna mwanamume aliyewahi kumsikiliza vile. Sasa akaanza kuyageuza mambo upande wa pili, kama anavyogeuza mtu nguo ya mtumba kutafuta tundu. Mbona siku zote alitaka kujua ni sura ipi itakayotoka kwenye mtihani? Mbona hakuwahi kumpeleka shuleni kwake? Kila alipotaka kwenda, Dalmas alicheka na kumwambia vumbi la Gatuanyaga litamharibia viatu. Na mwanamume anayejali viatu vya mwanamke namna hiyo, jamani, huwa anaficha nini?

Aliporudi nyumbani akampigia Dalmas simu. Walizungumza mambo ya wageni, ya mzee mmoja asiyekula nyama nyekundu. Halafu Waithira akalitupa swali kana kwamba limemjia tu.

"Kile kitabu nilikupea kiko wapi?"

Pakawa na kimya. Kilikuwa kifupi, lakini mwenye shaka huwa na masikio marefu.

"Kiko kwa nyumba."

"Kwa meza?"

"Kiko tu, Mwalimu. Kwani?"

"Hakuna. Nimeuliza."

Walikuwa wakiitana Mwalimu tangu siku ile ya kusahihisha, na kila mara neno hilo lilikuwa likimtekenya. Jumapili hiyo lilimkwaruza. Alijua ameongopewa, na moyo wake, ambao hadi hapo ulikuwa ukimtetea Dalmas kama wakili asiyelipwa, ukanyamaza.

Jumatatu, wakati wa mapumziko, alimpigia Emmaculate, mhariri wake kule Nairobi. Emmaculate hakuruka juu. Alianza kwa kuuliza ni kurasa ngapi zilizotolewa kopi.

"Kwa sababu kama ni mwalimu ametolea darasa lake kurasa kadhaa, tuseme sura moja, na ameandika kitabu ni cha nani, hiyo sheria inamkubalia. Hatuwezi kusumbua mtu kwa kufundisha. Lakini kitabu kizima, kimefungwa, kinauzwa? Huo ni wizi. Unajua ni nani?"

Waithira alitazama nje ya dirisha la chumba cha walimu. Wasichana wawili walikuwa wakigawana mandazi. Angeweza kusema hajui. Angeweza kusema ngoja niulize kwanza. Badala yake alitaja jina, kisha akataja na shule.

Emmaculate akauliza kama huyo Dalmas si yule aliyetajwa kwenye shukrani za kitabu. Waithira akasema ndiye. Alipokata simu alisikia nafuu ya mtu aliyeng'oa jino, na kama jino, uchungu wenyewe ulikuja baadaye.

Dalmas alipiga simu Jumanne mara kadhaa. Hakupokea. Jumatano, masomo yalipokwisha, alikwenda Thika kutafuta ushahidi wa mwisho, maana alitaka Jumamosi isipofanyika, isifanyike kwa sababu anayoweza kuisema mbele ya wajomba.

Duka la Nzioki lilikuwa chumba kimoja kirefu chenye mashine mbili za fotokopi na harufu ya karatasi iliyopata joto. Nzioki mwenyewe alikuwa mtu wa miwani iliyopandishwa kipajini, mchangamfu, na hakumjua. Waithira alimsalimia, akasema anatafuta kitabu cha practicals za baiolojia.

"Ya Madam Waithira? Iko," Nzioki akasema. "Unataka yote ama ile ya mwalimu?"

"Ya mwalimu ni gani?"

Nzioki akavuta chini ya kaunta rundo jembamba lililobanwa kwa pini moja. Ilikuwa sura ya maua, peke yake. Chini ya kila ukurasa, kwa mwandiko ulionyooka ambao Waithira angeutambua hata gizani, palikuwa pameandikwa jina la kitabu, jina lake yeye, jina la mchapishaji, na maneno haya: "Ukiweza, nunua chenyewe."

Akauliza kama anaweza kuona kitabu chenyewe. Nzioki, akidhani ni mteja anayetaka kuhakikisha uwazi wa maandishi, akamshushia kutoka rafuni. Kilikuwa kile kile alichompa Dalmas. Kurasa za mbele zilifungwa pamoja kwa mpira, na za nyuma kwa mpira mwingine, ili pafunguke katikati tu, kwenye maua.

Jambo hilo Waithira alilijua, kama mwalimu yeyote wa mji ule anavyolijua. Shule isiyo na mashine, mwalimu huacha kitabu dukani na kuwaonyesha wanafunzi kurasa zao. Kila mtoto huenda kwa wakati wake akatoa kopi yake, na mwalimu hashiki hata senti. Yeye mwenyewe aliwahi kufanya hivyo alipoanza kazi. Ila hakuwahi kuona mtu akifunga kurasa kwa mpira.

"Mpira ni ya nini?" akauliza, ingawa alijua.

"Huyo mwalimu ako na shida yake," Nzioki akacheka. "Ati hizo zingine zisiguswe. Lakini wateja wanauliza yote, madam. Na mimi si baba yao. Nikatoa mpira, nikatoa kopi, nikarudisha mpira. Hajui."

"Sasa anajua," sauti ikasema mlangoni.

Dalmas alikuwa amesimama pale na helmeti mkononi, suruali imechafuka vumbi hadi magotini. Alimtazama Nzioki kwanza, kisha Waithira, na macho yake yalipomfikia hayakuwa na hasira aliyoitarajia. Yalikuwa yamechoka. Nzioki akatazama huku na huku, akaitazama picha ndogo ya mwandishi iliyokuwa nyuma ya kitabu, na ghafla akakumbuka ana kazi chumba cha ndani.

Walitoka hadi barazani. Waithira alikikumbatia kitabu kifuani.

"Uliniambia kiko kwa nyumba."

"Nilidanganya."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa naona aibu." Aliigeuza helmeti mikononi. "Mtu anakupea kitu kama hicho, na wewe unaenda unakiacha kwa saiba. Ningekuambia aje? Watoto wangu hawana kitabu, Waithira. Wote darasani wako na kimoja tu. Nikasema sura moja haiwezi kuua mtu. Nikaandika jina lako kila mahali. Nikafunga na mpira kama mjinga."

"Ungenunua kingine."

"Nilinunua, ndicho hicho kimoja. Kiko shuleni. Watoto wanakaliana juu yake." Akakitazama kitabu kifuani pa Waithira. "Hicho chako nilikuwa nimekiweka siku tatu tu. Halafu nikasahau kukichukua. Hapo nilikosa. Hapo sibishani."

Waithira alitaka kumwamini, na kwa sababu alitaka, akajizuia. Mtu anayejua kuongea angesema maneno gani tofauti na hayo? Lakini mikono ya Dalmas haikuwa ikipamba maneno, ilikuwa imeng'ang'ania helmeti, na Beth ndiye aliyemfundisha kutazama mikono.

"Umejuaje kwamba nimejua?" akauliza.

"Principal aliniita jana. Watu wa kitabu walipiga simu wakasema mimi nauza kopi. Nimeambiwa nikae nyumbani hadi bodi ikutane." Alisema hivyo polepole, kama anayemsomea mwanafunzi maswali. "Walikuwa na jina langu, Waithira. Wangelitoa wapi?"

Waithira akainamisha macho.

"Kwanza ulimwambia nani?"

"Mami."

"Halafu?"

"Emmaculate."

"Halafu leo ukakuja kuuliza Nzioki." Dalmas akatikisa kichwa. "Hata Nzioki ameniwahi."

"Nilikuuliza kwa simu."

"Uliniuliza kitabu kiko wapi. Hukuniuliza kama nimekuibia. Hiyo ndiyo swali ulikuwa nayo, na uliizungusha kwa kila mtu isipokuwa mimi."

Waithira alihisi machozi yakimjaa na akakasirishwa nayo. Akatoa simu mkobani, akasema atampigia Emmaculate sasa hivi, amweleze kila kitu, hata hapa hapa. Dalmas akaushusha mkono wake taratibu. Alikuwa hajamgusa tangu wiki iliyopita, na wote wawili walilijua hilo.

"Usipige mbele yangu. Hapo utakuwa unanionyesha. Ukitaka kupiga, piga nikiwa sipo."

Kisha akakichukua kitabu, akakifungua ukurasa wa kwanza. Aliutazama kwa muda. Akaukunja kwenye mshono, akapitisha ukucha juu na chini, akauchana kwa uangalifu wa mtu anayemtoa kipepeo bawa. Kitabu akakirudisha. Ukurasa akaukunja na kuutia mfuko wa shati.

"Mbona unafanya hivyo?" Waithira akauliza, lakini Dalmas alikuwa tayari anavaa helmeti, na pikipiki ilipowaka hapakuwa tena na kusikizana.

Alimpigia Emmaculate kabla hajatoka Thika. Hakujitetea. Alisema amemtaja mtu kwa kosa lisilo lake. Mwalimu alitoa sura moja kwa darasa lake na akaandika kila kilichostahili kuandikwa. Aliyefungua kitabu kizima na kukiuza ni mwenye duka, na duka analijua. Emmaculate alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema atampigia mkuu wa shule asubuhi na kuandika barua ya kumsafisha. Akaongeza, bila ukali, kwamba maji yakimwagika hayazoleki, lakini wataokota wanachoweza.

Membley alimkuta mama yake sebuleni akihesabu vikombe vya wageni ambao hakuna aliyejua kama watakuja. Waithira akaweka kitabu mezani, akaeleza. Beth alisikiliza habari za mpira mara mbili, na mara ya pili alikaribia kutabasamu. Halafu akakifungua kitabu na kidole chake kikasimama kwenye mabaki ya karatasi iliyochanwa.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Pale nilipomwandikia."

"Jina lake?"

"Ndiyo."

Beth akakifunga kitabu. "Basi ameenda na ushahidi. Hiyo ndiyo ilikuwa inaonyesha kopi zimetoka kwa kitabu yake. Bodi ikikaa, utaonyesha nini?"

Shaka ni kama magugu. Unang'oa asubuhi, jioni yamechungulia. Waithira aliona mambo yote yakipinduka tena. Ule mkono uliomshusha simu. Zile kucha zilizopita polepole. Alikuwa amempigia Emmaculate, amemsafisha kwa mdomo wake mwenyewe, na Dalmas ana ukurasa mfukoni. Kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye jina la mhariri. Kilikuwa kimeuzoea ule mwendo.

Akakirudisha. Akatafuta jina lingine.

Simu iliita hadi akadhani haitapokelewa. Ilipopokelewa, alisikia mbuzi wakiingizwa zizini na mtu akiwafokea kwa mbali.

"Dalmas, mbona ulichukua ule ukurasa?"

Kimya. Hiki kilikuwa kirefu kuliko kile cha Jumapili, na Waithira alikivumilia chote, macho ya mama yake yakiwa juu yake.

"Umeuliza mtu mwingine kabla yangu?"

"Hapana. Mami amesema umeenda na ushahidi. Mimi nimekupigia."

Akamsikia akishusha pumzi, pumzi ya mtu aliyetua mzigo ili aubadilishe bega. "Bado nimekasirika, Mwalimu."

"Najua."

"Ushahidi uko Thika nzima. Kila mtoto wa Form Four ako na hiyo page, nyeusi. Wanaisoma wakicheka." Sauti yake ikashuka zaidi. "Mimi nilitaka ile ya kijani."

Waithira akakaa chini kwenye mkono wa kiti, akafunika macho kwa kiganja, akabaki hivyo, na Dalmas naye hakukata. Beth alijifanya anafuta kikombe ambacho kilikuwa kimekauka zamani. Alikifuta sana. Mwishowe akakiweka pamoja na vingine, upande wa vikombe vya wageni.

"Muulize," akasema, "yule mzee wake asiyekula nyama nyekundu, kuku anakula?"